Picha za moshi nilizozinunua Moshi

Kitabu hiki, An Album of Fluid Motion, nilikipata kwa shilingi 15,000 kwenye meza ya vitabu vya mitumba karibu na stendi ya mabasi ya Moshi, nikidhani ni kitabu cha kiada kitakachonisaidia kufundisha fizikia kidato cha tano. Kumbe ni picha tu: takriban 400, nyeusi na nyeupe, zinazoonyesha maji, hewa na moshi vikipita kando ya vitu, kila moja na maelezo mafupi.

Aliyezikusanya kutoka kwa watafiti wa nchi mbalimbali ni Milton Van Dyke, Mmarekani aliyezaliwa Chicago mwaka 1922, akapata shahada ya uzamivu Caltech (Taasisi ya Teknolojia ya California) mwaka 1949, akafanya utafiti wa mwendo wa hewa katika kituo cha utafiti wa anga cha Ames huko California, na kuanzia mwaka 1959 akafundisha Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1964 mtu huyuhuyu alitoa kitabu cha hisabati ya mwendo wa vimiminika kilichojaa milinganyo. Lakini albamu hii ya mwaka 1982 aliichapisha karibu bila mlinganyo wowote, tena kupitia kampuni yake ndogo, Parabolic Press, ili bei isiwashinde wanafunzi.

Picha ya mtafiti wa Kijapani, Taneda, ndiyo iliyowanyamazisha wanafunzi wangu. Maji yanayokwenda sentimita 1.4 kwa sekunde yanapita kwenye nguzo yenye kipenyo cha sentimita 1, na nyuma yake vizingia, yaani maji yanayozunguka, vinajipanga kwa zamu, kimoja kushoto, kingine kulia. Mmoja wao, mtoto wa Kibosho, alisema huviona nyuma ya kigingi kwenye mfereji wa kumwagilia migomba.

Mimi naipenda zaidi ile ya Manchester, Uingereza, ambako jaribio la mwanasayansi Osborne Reynolds la mwaka 1883, la kutia rangi ndani ya bomba ili kuona maji yanapoacha kutiririka kwa utulivu na kuvurugika, lilirudiwa baada ya karne moja kwa kifaa kilekile. Maelezo yanasema mtikisiko wa magari mitaani uliyafanya maji yavurugike mapema kuliko zamani. Maabara yetu, inayopakana na barabara ya malori, ingeyavuruga mapema zaidi.

Kiingereza cha kitabu ni cha kitaalamu, hivyo mwanafunzi asiachiwe peke yake. Kasoro ambayo muuzaji hakuitaja ni gundi iliyokauka: karatasi nne zilinidondokea ndani ya daladala. Nimezibandika, na nikiikuta nakala nyingine pale nitainunulia maktaba ya shule, ila safari hii nitaufungua mgongo wake kwanza kabla ya kutoa hela.