TAHADHARI: Aliyetutapeli Satima sasa anauza Lenana

Wapanda milima wa Nairobi, kama umetumiwa bango la kupanda Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana, "Lenana siku moja, Sh 4,500, kila kitu ndani", usitume hata shilingi kabla hujasoma hapa. Picha ni ileile, maandishi ni yaleyale, jina la kundi ndilo limebadilika. Namba ya M-Pesa ukiiingiza inaleta jina lilelile lililokula zetu.

Sisi alituuzia Satima, kilele cha juu kabisa cha milima ya Nyandarua (Aberdare), mita 4,001. Sh 2,800 kwa kila mtu: usafiri, kiingilio, mwelekezi na chakula cha mchana. Tukutane Archives saa kumi na moja alfajiri. Matatu ilifika saa moja na nusu, tukasamehe, Nairobi ni Nairobi. Jamaa mwenyewe mcheshi, anatujua wote kwa majina, anagawa peremende. Kufika Ol Kalou akashuka, eti anachukua chakula, atatufuata na Probox. Hatujamwona tena mpaka leo.

Lango la Shamata tulilifikia saa sita imeshapita. Mwelekezi tuliyeachiwa akatoa simu, akamwonyesha askari wa KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia hifadhi, risiti ya kiingilio ya eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Askari akaisoma polepole, akamrudishia: ni ya wiki mbili nyuma, tena ya watu watatu. Sisi tulikuwa ishirini na watano. Kisha akamwuliza, Dragon's Teeth, yale mawe yaliyochongoka ambayo kila anayeijua njia hiyo anayajua, yako upande gani? Kijana akatazama juu, akatazama raba zake, akasema yeye ni makanga tu, jaketi ameazimwa asubuhi.

Wenzetu kadhaa walitaka tujilipie upya tupande. Askari akakataa katakata, na sasa namshukuru. Mchana kule ukungu unashuka, mvua ikija hata njia huioni, na saa hiyo watu wenye akili wanarudi. Lakini iliyouma zaidi ni safari ya nyumbani. Dereva alikuwa amelipwa nusu, hawashi gari hadi apate iliyobaki. Tukachanga Sh 700 kila mmoja. Kulikuwa na dada mwanafunzi hana kitu, tukamlipia. Njiani nikautuma ujumbe wa M-Pesa kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa zirudishwe, nikajibiwa pesa zimeshatolewa. Hatujafika Gilgil, kundi la WhatsApp likawa halipo.

Hela ningemwachia Mungu. Kilichonifanya niandike ni hii Lenana. Ni mita 4,985. Anayepitia lango la Sirimon anaanzia kama mita 2,650, na kwa kawaida analala kambi ya Old Moses, halafu ya Shipton's, mwili uzoee hewa nyepesi, ndipo aamke usiku wa manane kumalizia. Wapo wanaopanda na kushuka siku moja, sikatai, ila hao ni watu wa mazoezi, tena wana mwelekezi anayejua kwamba mtu akianza kuumwa kichwa, kutapika na kuyumba kama mlevi, anateremshwa saa hiyohiyo bila mjadala. Sasa weka yule makanga hapo.

Na bango lenyewe lisome vizuri. Halitaji lango mtakaloingilia wala saa ya kuanza kupanda, wala mwelekezi ni nani. Ukimwuliza lango anakujibu "utajua tukifika, boss". Juzi nilimwandikia kwa laini ya mke wangu, nikamwambia kiingilio nitajilipia mwenyewe eCitizen, apunguze kwenye bei. Mratibu wa kweli hilo halimsumbui, linampunguzia kazi. Huyu akasema nafasi zimejaa. Nikamwandikia tena kwa laini ya shemeji, nikijifanya nalipa zote leo, nafasi nne zikapatikana papo hapo.

Kama ulikuwa kwenye matatu ile, au ulimlipa kwa safari nyingine yoyote, niandikie, na ujumbe wako wa M-Pesa usiufute. Tuko kumi na mmoja, namba ya OB ya ripoti yetu polisi tumeshachukua. Lenana yake ni Jumamosi hii.