Msonge wa saruji na majani ya plastiki

Majuzi nilimpeleka mama yangu mzazi kwenye bustani moja ya michezo hapa Moshi, kwa kuwa nilikuwa nimesikia wamefungua eneo wanaloliita kijiji cha Wachaga. Bembea na bwawa la kuogelea sitavizungumzia. Tulifuata kile kijiji, na ndicho kilichoniudhi hadi leo.

Msonge wa Kichaga hauonyeshi ukuta kwa nje. Majani yake huteremka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, ili mvua ya mlimani ichuruzike na joto la moto na la ng'ombe waliolala humo libaki ndani. Hawa wameinua ukuta wa saruji, wakaupaka rangi ya udongo, wakatoboa madirisha ya vioo, kisha wakaezeka kwa majani ya plastiki. Ndani hamna mafiga wala zizi. Kuna friji ya soda.

Mama, ambaye alizaliwa ndani ya msonge, alinyoosha mkono kugusa yale majani. Kijana mhudumu akampigia kelele kutoka mbali: "Wewe bibi, acha kushika vitu!" Hakutoa hata shikamoo, na nilipomweleza kwamba huyu anaijua nyumba hii kuliko aliyeichora, alinijibu kwamba watu huja hapa kupiga picha.

Kule Florida, katika bustani ya Disney's Animal Kingdom iliyofunguliwa mwaka 1998, wamejenga Harambe, mji wa kubuni wa Afrika Mashariki, ambao kuta zake zilichakazwa makusudi ili zionekane zimekula chumvi, na mafundi wa Kizulu wakaletwa kutoka Afrika Kusini kuezeka mapaa. Wamarekani walivuka bahari kutafuta fundi, ilhali sisi wazee wetu wako Marangu, safari ya daladala moja tu!

Nikiri kwamba ua wa masale, mimea ambayo Wachaga huizungushia boma, ni wa kweli na umetunzwa, na mfereji mdogo walioujenga kwa mfano wa mfongo, yaani mfereji wa jadi wa Wachaga wa kumwagilia mashamba, ulikuwa na mlio wa maji uliomfanya mama asimame kimya akisikiliza, hata nikakaribia kusema kwamba mahali hapa panafaa. Lakini kwa Wachaga isale, jani moja la masale hayo, ndilo jani la kuombea msamaha, na kijana yule alisimama kando ya ua mzima wa masale bila kumtamkia mama neno lolote la kuomba radhi. Kiingilio changu sikidai. Siku watakapomwomba radhi, nitarudi naye.