Shahada ya ukalimani wa lugha ya alama Gallaudet: inamfaa nani?

Gallaudet ni chuo kikuu cha viziwi kilichoko Washington tangu 1864, na mtu akiuliza pa kusomea ukalimani wa lugha ya alama Marekani, jina hili ndilo huja kwanza. Kinafundisha fani hii kuanzia shahada ya kwanza hadi uzamivu. Ni mahali pazuri sana, ila wengi wanaoomba nafasi huja wakidhani watafundishwa lugha na ukalimani kwa pamoja. Sivyo: mafunzo ya ukalimani hujengwa juu ya lugha ambayo mtu tayari anaimudu. Anayeanza Lugha ya Alama ya Marekani, yaani ASL, kutoka sifuri atatumia miaka yake minne kukimbizana na msamiati huku wenzake wakijifunza kazi yenyewe.

Kipimo cha lugha kinaitwa ASLPI. Ni mahojiano ya video ya kama dakika 20 hadi 25, mnazungumza kwa alama tu, na matokeo hutolewa kwa daraja kuanzia 0 hadi 5. Wanaoanguka mara nyingi wana alama nyingi mikononi lakini uso wao haufanyi kazi. Katika ASL nyusi hupanda kwa swali la ndiyo au hapana, na hushuka kwa swali la nani, nini au kwa nini. Uso ukikaa kimya, swali linageuka kuwa taarifa. Kosa jingine ni kujizoeza kutahajia kwa vidole bila kujizoeza kusoma tahajia ya mwenzako, ambayo ndiyo ngumu zaidi.

Kinachokifanya chuo hiki kiwe juu ya vingine ni mazingira. ASL ndiyo lugha ya darasa, ya bwalo la chakula na ya ofisi ya mhasibu, na wanaosikia ndio wachache. Nafasi zao katika shahada ya kwanza zimewekewa kikomo kwa makusudi, kwa hiyo omba mapema. Mshindani wake wa kweli ni NTID, taasisi ya viziwi iliyo ndani ya RIT, chuo cha teknolojia cha Rochester, New York, iliyopokea wanafunzi wa kwanza 1968. Huko viziwi husoma uhandisi na kompyuta darasa moja na wanaosikia, hivyo mwanafunzi wa ukalimani huwatazama wakalimani wazoefu wakiwa kazini kila siku. Ambaye ASL yake bado changa aende Gallaudet. Aliyekwisha kuiva kilugha atafaidi zaidi Rochester.

Mafunzo yenyewe, yakifuatwa kwa utaratibu wake, yamepangwa vizuri. Kwanza unasimulia upya kwa ASL kile ulichokiona kwa ASL, ili ujifunze kushika maana na kuacha maneno. Baadaye unatafsiri matini iliyorekodiwa, ukiwa na muda wa kufikiri. Hufuata ukalimani wa zamu, ambapo msemaji anatua nawe unafasiri. Ule wa papo kwa papo huja mwisho. Wanafunzi wengi hulalamikia polepole hii, na hapo hawana haki. Anayekimbilia papo kwa papo huandama neno moja moja, mikono yake ikafuata mpangilio wa Kiingereza, na kiziwi akapata rundo la maneno lisilo na hoja. Dawa ni kuchelewa kidogo nyuma ya msemaji hadi wazo likamilike. Lakini ukichelewa mno, majina na tarakimu hupotea. Ndiyo maana mkalimani mzuri hubadilisha umbali huo: anajisogeza karibu zinapokuja tarakimu, anarudi nyuma inapokuja hoja ndefu.

Makosa huchambuliwa kwa video, mara nyingi kwa mafungu aliyoyapanga Dennis Cokely, mtafiti wa ukalimani, yakiwemo: kilichoachwa, kilichoongezwa, kilichobadilishwa, na sarufi ya lugha moja iliyopenya katika nyingine. Zoezi hili linachosha kuliko yote, nalo ndilo lenye faida kuliko yote.

Pengo kubwa la wahitimu, hapa na kwingineko, ni kutoa sauti, yaani kumfasiri kiziwi kwa wanaosikia. Mswahili anapaswa kulipima hili kabla ya kulipa ada, kwa sababu sauti hiyo itakuwa ya Kiingereza: cha mahakama, cha daktari, cha mhadhara. Lipo pia suala la mwili. Kazi ndefu hufanywa na wakalimani wawili wakipokezana kama kila dakika 20, kwani akili ikichoka makosa huongezeka, tena bila mwenyewe kujua, na viwiko na vifundo vya mikono huumia kwa kurudiarudia.

Na cheti cha chuo si ithibati ya kazi. RID, chama cha Marekani cha wakalimani wa lugha ya alama kilichoanzishwa 1964, tangu 2012 hudai kwa anayesikia shahada ya kwanza au sifa zinazolingana nayo. Kisha kuna mtihani wa maarifa na ule wa utendaji. Ukiisha kuthibitishwa, unatakiwa saa 80 za mafunzo endelevu kila miaka minne. Majimbo mengi hupima wakalimani wa shuleni kwa mtihani uitwao EIPA, na hudai 3.5 au 4 kati ya 5. Wahitimu wengi hawafiki hapo siku ya mahafali, kwa hiyo uliza chuo chochote: mafunzo kwa vitendo ni saa ngapi, na nani atakusimamia?

Anayekusudia kurudi Afrika Mashariki ajue jambo moja zaidi. Andrew Foster, Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu Gallaudet, 1954, alianzisha shule nyingi za viziwi barani Afrika, na ASL ikaacha alama zake katika nchi kadhaa. Hata hivyo Lugha ya Alama ya Kenya na ile ya Tanzania ni lugha nyingine. Katiba ya Kenya ya 2010 imeifanya ya kwao kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mbinu utarudi nazo zote. Lugha utaanza kujifunza upya, kwa hiyo tenga muda wa kukaa na viziwi wenyewe kupitia CHAVITA, yaani chama cha viziwi cha Tanzania, au kile cha Kenya kabla ya kupokea kazi ya kwanza ya mahakamani au hospitalini.