Seti ya nanga ya boti ya faiba: nanga safi, kamba fupi

Haya, karibuni. Tuko Mikindani, maji yamekupwa. Hii hapa ni seti ya boti ya mita 5 hadi 6: nanga aina ya Danforth ya kilo 7, mnyororo wa milimita 8 wenye urefu wa mita 3, kamba ya nailoni ya milimita 12, mita 30, na pingu ya kuunganishia. Imeshafanya kazi msimu mzima wa kusi.

Nanga yenyewe sina ugomvi nayo. Makoleo haya mawili yanacheza, kwa hiyo ikilala upande wowote yanainama na kuzama mchangani au topeni. Kwenye miamba usiitegemee: ama itateleza, ama itanasa uiache hukohuko. Na ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Mnazi tia kwenye mchanga, matumbawe yaache.

Shida ni kamba. Nanga hushika ikivutwa kwa kulala, siyo kwa kunyanyuliwa. Piga hesabu: umetia nanga maji yakiwa yamekupwa, kina mita 3. Bamvu la huku, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwandamo, hupandisha maji zaidi ya mita 3, weka 3.5. Kutoka majini hadi omo, yaani mbele ya boti, mita 1. Jumla 7.5. Zidisha mara 5 upate urefu wa kamba na mnyororo: 37.5, na hapo bahari ni shwari. Upepo ukikaza zidisha mara 7: 52.5. Sasa hizi 33 zetu, kamba 30 na mnyororo 3, zitafika wapi? Maji yakijaa kamba inasimama, shina la nanga linanyanyuka, boti inaondoka bila nahodha. Ongeza kamba ifike mita 50, mnyororo mita 5. Iwe nailoni, maana inanyumbuka. Zile za plastiki zinaelea, na pangaboi linazipenda sana.

Sogeza kamera. Pingu hii ni ya stenlesi, mnyororo ni wa chuma kilichopakwa zinki. Kwenye maji ya chumvi, vyuma hivi vikigusana zinki ndiyo inayoliwa. Unaona pete ya kwanza? Nyekundu tayari, wenzake bado weupe. Weka pingu ya zinki, kaza pini kwa plaizi, pitisha waya kwenye tundu la pini uuzungushe kwenye mwili wa pingu. Bila waya pini hujifungua kwa mtikisiko.

Chuma cha pembe mbili cha kufungia kamba pale omo, kikague kwa chini. Nati zikikalia washa ndogo tupu, faiba inaanza nyufa nyembamba kama nywele kuzunguka bolti. Weka chini yake kipande cha plaiwudi ya milimita 12 kilichopakwa resini, kiwe kipana kuliko kitako cha chuma.

Usitie nanga kwa tezi, yaani nyuma ya boti. Injini iko huko na ubao wa nyuma ni mfupi, wimbi linaingia moja kwa moja. Ukirudi, suuza vyote kwa maji yasiyo na chumvi. Pete ya mnyororo ikipungua chini ya milimita 7.2, kata kipande hicho.