Prado 95 na tairi za 265/75R16: uzoefu wangu, na kwa nini sikufika inchi 33

Gari ni Prado 95 ya milango mitano, injini ya dizeli ya 1KZ-TE, mbele imeinuliwa milimita 40 kwa springi na shokabu. Kazi yake ni barabara za miwa kati ya Miwani, Chemelil na Muhoroni, kisha lami ya kurudi Kisumu, na mara mojamoja mawe ya kupandia Nandi. Tairi ni za LT (aina ya magari ya mizigo, yenye kuta ngumu), meno ya nusu lami nusu matope. Zimeshatembea kilomita 31,000. Nazipa nane kwa kumi.

Swali ambalo kila mtu huuliza akiziona: mbona usiweke 285, zile za karibu inchi 33, nafasi si ipo? Ndiyo, ukigonga na kukata bati kidogo nyuma ya gurudumu la mbele, 285/75R16 inaingia. Lakini nafasi ndani ya madigadi haikuambii ekseli inabeba nini. Kwenye gari hili kinachoamua ni boljointi ya chini, kiungo kinachoshikanisha gurudumu na mkono wa chini unaobeba springi, na ukishaiona ikiwa imefunguliwa mezani hutahitaji kushawishiwa.

Imefungwa kwenye nako (kipande kinachobeba gurudumu) kwa bolti nne zinazoingia kutoka chini, na pini yake inaelekea chini kushika mkono wa chini. Springi inasukuma mkono kwenda chini, tairi inasukuma nako kwenda juu. Kwa hiyo uzito wa gari unaivuta pini itoke kwenye kikombe chake saa zote, hata gari likiwa limeegeshwa. Kuna magari ambayo mzigo hukandamiza boljointi, hapa unaichomoa. Ikiisha haikai ikigonga miezi mingi kukupa notisi. Pini inatoka, gurudumu linalala chini ya madigadi, na sivi (shafti inayozungusha gurudumu la mbele) na paipu ya breki vinakwenda nalo.

Sasa weka hesabu ya tairi juu ya hapo. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, ya mwisho ni rimu kwa inchi. Ya kiwandani, 265/70R16, ina kimo cha milimita 777. 265/75R16 ni 804, yaani asilimia 3.4 zaidi. 285/75R16 ni 834, asilimia 7.3. Tumbo la gari linapanda nusu tu ya tofauti: milimita 13 kwa ya kwanza, 28 kwa ya pili. Na watu husahau kwamba difu ya mbele ya Prado 95 (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) imening'inia kwenye fremu, haiko kwenye ekseli nzima kama ya Land Cruiser 80. Springi zikiinua gari, difu ya mbele nayo inapanda. Zile milimita 40 za springi zimenipa nafasi zaidi mbele kuliko ambavyo tairi yoyote ingenipa. Nyuma ndiko tairi peke yake inainua difu.

Uzito nao. Nilizipima bila rimu kwenye mizani ya gunia: ya zamani kilo 16, hii mpya 22. Huo ni uzito usiobebwa na springi, kila shimo unapiga boljointi, tairodi na beringi moja kwa moja. 285 ya meno ya matope inaongeza kilo kadhaa tena.

Injini haijui umeweka tairi gani, inatoa nguvu ileile. Kinachobadilika ni kwamba tairi kubwa, na hasa inayoshika, inakataa kuteleza mapema, kwa hiyo sivi inabeba msokoto mkubwa zaidi kabla tairi haijaachia. Sivi hufia mahali pamoja: usukani umekatwa hadi mwisho, gurudumu limo ndani ya mfereji uliochimbwa na matrekta ya miwa, na dereva anakanyaga. Au gurudumu linazunguka hewani kisha linatua kwenye jiwe likiwa bado linazunguka. Rudisha usukani robo, ndipo ukanyage. Tabia hiyo imeokoa sivi nyingi kuliko grisi ya bei.

Kabla ya kufunga tairi hizi, mbele ilifanyiwa kazi kwanza. Boljointi mbili za chini mpya za kampuni yenyewe ya Toyota, pamoja na bolti nane mpya. Bolti za zamani zisirudishwe, zimekuwa zikivutwa miaka. Ya kushoto na ya kulia hazifanani, angalia alama kabla hujatoka dukani. Uzi wa bolti usafishwe, zikazwe kwa toki renchi. Niliwahi kuuziwa boljointi ya bei nusu mjini, ikaanza kutoa maji ya kutu kwenye buti (mpira wa kuifunika) kabla ya kilomita 9,000. Hapa ndipo mahali pa kutobana pesa kabisa kwenye gari hili.

Kuzikagua hufanyi kwa kutikisa tairi tu. Weka jeki chini ya mkono wa chini, karibu na gurudumu, uinue hadi tairi iachie ardhi kidogo. Pitisha mtaimbo chini ya tairi, mmoja anyanyue polepole, mwingine aweke kidole pale nako inapokutana na mkono. Ukihisi mchezo wa juu na chini, hata kidogo, gari halitoki. Ukiweka jeki kwenye fremu na kutikisa, springi inaweza kuuficha mchezo huo ukadhani iko sawa. Mimi nakagua kila kilomita 5,000, na kila baada ya maji kufika kwenye vitovu vya magurudumu. Msimu wa mvua upande wa Ahero hilo halikosekani.

Rimu nimeacha zilezile za kiwandani za inchi 7. Speisa sikuweka. Ukisukuma gurudumu nje milimita 30, umerefusha mkono unaokunja beringi na boljointi, na usukani unaanza kuvutwa na kila ukingo wa lami. Watu hukubali speisa kwa sababu gari linasimama vizuri likiegeshwa. Barabarani ni hasara tupu.

Kuinua zaidi ya milimita 50 pia sikushauri kwa mbele hii. Sivi zinafanya kazi kwa pembe mbaya, buti zinasuguana na kupasuka, na kwa kuwa Prado 95 huvuta magurudumu manne wakati wote, hazipumziki hata ukiwa lami. Baada ya kuinua nilienda alainimenti, na nikamwambia fundi asiishie kwenye tairodi. Bolti za kamu (za kurekebishia pembe) za mkono wa chini zirekebishwe, kasta, yaani mlalo wa mhimili wa usukani kwenda nyuma, ipewe nyingi iwezekanavyo, kushoto na kulia zilingane. Bila hivyo gari linatangatanga ukipita 80.

Kuhusu kugusa: kwa milimita 40, tairi hizi hugusa plastiki ya ndani usukani ukikatwa mwisho na springi ya upande mmoja imebanwa. Nilihamisha klipu mbili, nikakata kipande cha upana wa vidole viwili kwenye madifulepu. Sijasikia tena.

Presha ninazotumia, kwa psi: lami 36 mbele, 38 nyuma nikiwa na mzigo. Changarawe 28 kote. Udongo mweusi ukiwa umelowa, 18, mwendo usizidi 30, na pampu iwe ndani ya gari. Ukizipa tairi za LT presha ileile ya tairi laini za kiwandani, zitapata joto na kulika mabegani.

Udongo mweusi una mchezo wake. Hujaza upande wa ndani wa rimu, unakauka kama tofali, na asubuhi ukifika 70 usukani unatetemeka hadi meno yanagongana. Watu wamebadilishiwa tairodi nzima kwa sababu ya tope. Kabla ya kumwona fundi, lala chini na bisibisi ndefu, bandua rimu zote nne kwa ndani. Kofi moja la udongo uliokauka upande mmoja linatosha kuharibu balansi.

Nyingine za haraka. Tano zote ziwe saizi moja na zizungushwe pamoja na spea kila kilomita 8,000, vinginevyo difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inafanya kazi bure lami yote. Spidomita ikisoma 80, gari liko karibu na 83. Nati za magurudumu nazikaza niutoni mita 110, nazirudia baada ya kilomita 100. Ukinunua, soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyo ubavuni mwa tairi: 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Ikiwa imekaa dukani miaka mitano, meno mapya hayakusaidii.

Mwenye Land Cruiser 80 asome haya kwa jicho lingine. Mbele yake ni ekseli nzima na difu kubwa zaidi. 285/75R16 kwake si kiburi, mradi beringi za nako ziko sawa na grisi haitoki pamoja na oili ya difu.

Alama mbili nilizokata: moja ni mlio wa lami, ulioanza kukua karibu na kilomita 20,000, na breki zinazohitaji nafasi zaidi kidogo kuliko zamani. Nyingine ni mlango wa nyuma. Spea imebebwa pale, na kilo sita za ziada zimeshaushusha kwenye bawaba, sasa lazima uuinue kwa mkono ndipo ushike kufuli.