Meza imara, viti vya unga, na aya za Biblia mahali pa risiti

Watu watatu wa jumuiya yetu wameniuliza meza yangu ya chakula nilitengenezewa wapi, na kila mmoja nimemjibu nusu nusu. Sasa nieleze yote. Niliagiza meza na viti sita kwenye karakana moja ya samani hapa Dar es Salaam. Jina siliandiki, kwa sababu shauri lenyewe liko kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mle ndani kuna vijana wanne ambao ugali wao unatoka pale.

Nianze na meza, maana nayo inastahili sifa zake. Ni mninga mtupu, ule wa moyo wa mti, wa kahawia yenye mistari ya wekundu. Miguu imeunganishwa kwa ulimi na tundu, hakuna msumari hata mmoja. Wajukuu wameimwagia uji, chai na maji ya moto, na vanishi haijapata alama. Ukiiegemea haitikisiki. Aliyeiranda anaijua kazi yake, na baadaye nilikuja kumfahamu.

Viti ndivyo vilivyonitoa machozi. Mwezi mmoja tangu viingie ndani, nilikuwa nafagia asubuhi nikakuta chini ya mguu wa kiti kichuguu kidogo cha unga, laini kama poda ya mtoto. Nikafagia. Kesho yake kipo tena. Nikapindua kiti, nikavaa miwani: vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini, kumi na kitu, vimejipanga ndani ya mguu. Nikakwangua kwa kisu cha jikoni. Chini ya vanishi kulikuwa na rangi ya kahawia ya kupakwa, na chini ya rangi mbao nyeupe. Ule ni upande wa nje wa gogo, unaokaa karibu na gome, ambao wadudu huupenda na fundi mwaminifu huukata akautupa. Viti vinne kati ya sita viko hivyo. Nilikuwa nimelipia mninga, na kwa jina mninga ni mninga, lakini nimeuziwa ganda lake likiwa limepakwa lifanane na moyo.

Fundi kukosea mbao hutokea, na kama ni hilo tu nisingeandika hata mstari. Ninaandika kwa sababu kila nilipouliza jambo katika karakana ile nilijibiwa kwa aya.

Siku ya kwanza nilipokewa vizuri sana. "Bwana Yesu asifiwe, mama mpendwa." "Amina." Getini pameandikwa Yehova-yire, yaani Mungu hutoa, kwa rangi ya bluu, na juu ya rafu kuna Biblia iliyovishwa nailoni isiingie vumbi la randa. Tukaomba pamoja. Tukakubaliana shilingi 1,850,000, muda wiki tatu. Nikahesabu 1,200,000 taslimu mkononi mwa fundi mwenye karakana, nikaomba risiti. Akaniambia kwa upole kabisa: "Mama, sisi ni wapendwa. Maneno yetu yawe ndiyo, ndiyo, siyo, siyo. Yazidiyo hayo yatoka kwa yule mwovu."

Nikaona haya kudai karatasi mbele ya neno la Bwana Yesu mwenyewe, nikaondoka mikono mitupu. Usiku nikasoma Mathayo 5 yote. Pale Yesu anasema juu ya viapo: watu waliapa kwa mbingu, kwa nchi, kwa Yerusalemu, kwa vichwa vyao, ili waaminiwe wasipoaminika. Anamtaka mtu akisema ndiyo aitimize, na hakuna panapokatazwa kuandika. Yeremia, nabii wa Mungu, aliponunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, tena kwa binamu yake, aliandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi, akapima fedha kwenye mizani, kisha akaagiza hati iwekwe katika chombo cha udongo ikae siku nyingi. Imo katika sura ya 32. Nabii aliandikiana hati na ndugu yake, na mimi nilinyimwa risiti kwa jina la undugu.

Wiki tatu zikapita, ikafika ya tano. Nikapiga simu, nikaambiwa mbao zinakaushwa. Wiki ya nane nikaenda mwenyewe. Meza ilikuwa haijaguswa, na mbao ya mninga niliyoonyeshwa siku ile ilikuwa imetumika kwenye kitanda cha mtu mwingine. Nikamuuliza, "Fundi, ndiyo yako ile iko wapi?" Akaniwekea mkono begani: "Mama, Habakuki 2:3. Ijapokawia, ingojee, kwa kuwa haina budi kuja, haitakawia." Vijana waliokuwa wanapiga msasa waliitikia amina.

Hili liliniumiza kuliko vitundu vya viti. Nina Biblia ya marehemu mama yangu, Union Version ya jalada jeusi, na kurasa za manabii wadogo ndani yake hazijachakaa kama za Zaburi. Nikakaa nayo barazani. Habakuki anaanza kwa kilio: nilie hata lini, Bwana, usitake kusikia? Ameona dhuluma, ameona sheria imelegea na hukumu imepotoshwa. Anapanda kwenye mnara kungoja jibu, na jibu ndilo hilo: njozi ijapokawia, ingojee. Kinachongojewa pale ni haki ya Mungu, na anayeambiwa angoje ni mtu aliyedhulumiwa. Ni faraja ya mnyonge. Fundi aliyeshika fedha yangu wiki nane ameichukua faraja hiyo akaigeuza dawa ya kuninyamazisha mimi ninayemdai.

Na ukishuka mistari mitatu tu katika sura hiyohiyo unakuta: "Ole wake aongezaye kisicho mali yake!" Ukiendelea hadi mstari wa 11, unaambiwa jiwe litapiga kelele katika ukuta, na boriti katika miti italijibu. Siku nilipoona ule unga chini ya kiti, mstari huo ndio ulionijia kabla sijaita mtu yeyote. Mbao yenyewe ilikuwa inasema.

Samani zililetwa wiki ya 14. Walioshusha walikuwa vijana wawili, mmoja ndiye aliyetengeneza meza. Nikawapa maji ya kunywa na chakula, akakaa kwenye ngazi akala kimya, halafu akasema, "Mama, nikuombe nauli ya kurudi nyumbani, kama ipo." Nikamuuliza kwani hujalipwa. Akasema wiki ya sita hiyo. Kila Jumamosi wakiuliza, bosi anawasomea Wakolosai 3:23: lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu. Kijana akaongeza kwa heshima, bila hasira: "Na mimi naiamini, mama. Meza yako niliifanya hivyo."

Niliingia ndani nikakaa kitandani kwanza kabla ya kumletea hela.

Ni kweli aliifanya hivyo, meza inashuhudia. Lakini ukifungua ukurasa ule, kutoka mstari wa 23 ni mistari mitatu tu kufika sura ya 4, na mstari wake wa kwanza unawageukia mabwana: watendeeni walio chini yenu yaliyo haki, mkijua kwamba ninyi nanyi mna Bwana mbinguni. Bosi amesoma hadi ulipoishia upande unaomfaa, akafunga kitabu. Nimefundisha historia ya sekondari miaka 31, nami najua mkato huu ni wa zamani. Mwaka 1807 huko London ilichapwa Biblia ya kuwasomea watumwa wa visiwa vya Karibi. Habari za Israeli kutoka utumwani Misri ziliondolewa, na agizo la watumwa kuwatii mabwana zao likaachwa mahali pake. Wale walitumia kiwanda cha uchapaji. Kwa karakana ya mtaani hutosha kidole kimoja juu ya mstari mmoja. Yakobo naye, katika waraka wake, amesema ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele, na sijapata kumsikia mwajiri akiisomea hiyo Jumamosi.

Nilipogundua viti, nilimwendea fundi peke yangu, bila kumwambia jirani wala mchungaji wake. Nikamwonyesha picha. Akasema msihukumu, msije mkahukumiwa. Nikamwambia sikuhukumu, naomba ubadilishe miguu ya viti vinne. Akasema tunapaswa kusameheana saba mara sabini. Nikamjibu kwamba kusamehe nimeshasamehe, na viti bado vinaliwa. Kisha nilipotaja ofisi ya serikali ya mtaa, uso ukabadilika, akatoa ya mwisho: 1 Wakorintho 6, waamini hawashitakiani, afadhali kudhulumiwa.

Ni kweli Paulo aliandika hivyo. Kisha katika mstari unaofuata, wa 8, anawageukia wenye kudhulumu na kuwaambia kwamba wanawanyang'anya hata ndugu zao. Nilimsomea hapohapo kutoka Biblia yake ya rafuni. Nailoni yake ilikuwa imegandana, nikaifungua taratibu isichanike. Na ile ya saba mara sabini iko Mathayo 18, sura ambayo juu kidogo inaeleza ndugu yako akikukosa umwendee ninyi wawili peke yenu, asiposikia uchukue mmoja au wawili zaidi, ili kila neno lithibitike kwa vinywa vya mashahidi. Nilikuwa nimefuata ya kwanza. Nikarudi kwa ya pili, pamoja na mzee mmoja wa usharika wetu na jirani yangu ambaye ni Mwislamu, mtu wa haki. Jirani alisikiliza aya zote, akauliza swali moja tu: "Fundi, miguu hii ni mninga au si mninga?" Hapakuwa na jibu. Ndipo tukaenda kwa mwenyekiti.

Kwa mwenyekiti kila kitu kiliandikwa. Viti viwili vimeshatiwa miguu mipya ya mbao ya moyo, nimevikwangua kwa ndani mwenyewe, ni vizuri. Vijana wamelipwa wiki tatu kati ya sita walizodai. Nilimwomba mwenyekiti aliandike na hilo, ingawa halikuwa shauri langu.

Kwa hiyo, mnaouliza: kazi ya mikono ya mle ndani ni nzuri, kama itasimamiwa. Bei si mbaya kwa mninga halisi. Muda walioahidi uzidisheni karibu mara tano. Mkienda, nendeni mchana, pindueni kila kiti mkikwangue kwa chini kabla ya vanishi, shikilieni theluthi ya fedha hadi mzigo ufike, na risiti msiondoke bila hiyo hata mkisomewa Agano lote. Kwa nyota tano ninatoa mbili, na zote mbili ni za yule kijana wa meza.

Viti viwili vilivyobaki viko barazani, nimevitandikia gazeti. Ameahidi kuvichukua Jumamosi na kuvirudisha katika siku kumi. Safari hii imeandikwa, na mashahidi wawili wametia sahihi.