TAHADHARI: Anayeuza "damu ya Mayflower" kwenye magrupu yetu ni tapeli

Ndugu zangu mlioko Marekani, hasa mliooa au kuolewa na wenyeji wa huku, someni hii kabla hamjamtumia mtu senti. Kuna bwana mmoja anajiita mtafiti wa nasaba. Mama mkwe wangu ameshamlipa dola 1,850 kwa faili la karatasi za kughushi, na sasa nimemkuta kwenye magrupu mawili ya WhatsApp ya Waafrika Mashariki wa hapa Massachusetts. Anajitangaza kwa Kiswahili safi, na juu ya tangazo kaweka bendera ya Tanzania na ya Kenya.

Maneno yake ni haya. Watoto wenu wana damu ya walowezi wa kwanza, wale waliotoka Uingereza kwa meli ya Mayflower, kwa upande wa mzazi Mmarekani. Wenye damu hiyo wanapokelewa kwenye vyama vya wazao wa walowezi hao, na vyama hivyo vinasaidia ada za chuo. Yeye atawaandalia faili zima, tayari kwa kupelekwa, ndani ya wiki 6, kwa dola 350 tu za kuanzia. Hapo ndipo anapotunasa, maana ni mzazi gani huku asiyekesha akiwaza ada?

Mama mkwe ana miaka 81. Bibi yake alimwambia tangu utotoni kwamba wao ni watu wa Ipswich, kaskazini ya Boston, tangu mji ule ulipoanza. Alitaka kabla hajafa awaachie wajukuu maandishi ya jambo hilo, wakiwemo wanangu wawili. Hakuwa na tamaa ya pesa wala sifa. Nalisema hili kwa sababu kuna waliokwisha kuniambia "wazee wa kizungu wana pesa za kuchezea". Hana. Zile ni akiba za pensheni ya ualimu.

Alilipa 350. Wiki ya pili akaambiwa babu "amepatikana melini", hivyo inatakiwa 900 ya kupekua parokia za Uingereza. Akalipa. Kisha 600 za cheti chenye muhuri na nembo ya ukoo iliyochorwa kwa rangi ya dhahabu. Faili lilipofika aliniita nimsomee, kwa kuwa macho yake yana mtoto wa jicho.

Kabla sijahamia huku nilifanya kazi miaka 11 kama karani wa masjala ya mahakama, Tanga. Kazi ile humfundisha mtu kutazama karatasi kabla ya kusoma kilichoandikwa. Nilichoona kwanza ni mwandiko. Karatasi ya 1638 na karatasi ya 1752 zilikuwa na mkono mmoja. Herufi zinaegemea upande uleule, mkia wa g unakatwa vilevile, miaka 114 mbali. Hakuna karani anayeishi hivyo. Halafu hakuna karatasi hata moja iliyokuwa na namba ya ukurasa, namba ya juzuu, wala jina la ofisi inayotunza daftari lenyewe. Chini ya kila moja kulikuwa na maneno "Rekodi za Kale za Massachusetts". Masjala haina kitu kinachoitwa hivyo. Masjala ina rafu, kitabu na ukurasa.

Nikalibeba faili hadi maktaba ya mji. Yule mama mkutubi wa chumba cha historia alikaa nami mchana mzima, bila malipo, na aliyonionyesha ndiyo yaliyonifanya niandike.

Tarehe kwanza. Cheti cha ubatizo kwenye faili kinasema mtoto alibatizwa Ipswich tarehe 8 Septemba 1752. Siku hiyo haikuwepo. Uingereza na makoloni yake walikuwa bado wanafuata kalenda ya zamani ya Julius Caesar, nao wakahamia hii tunayotumia mwaka huo wa 1752. Watu walilala usiku wa tarehe 2 Septemba, wakaamka ni tarehe 14. Siku 11 ziliondolewa kwa sheria. Kwa hiyo kuzaliwa, kubatizwa au kuzikwa kokote kwenye makoloni ya Waingereza kulikoandikwa kati ya tarehe 3 na 13 Septemba 1752 ni kwa kubuni au ni kosa la aliyenakili baadaye. Mkutubi aliweka kidole juu ya tarehe ile, akanyamaza.

Nami nilikuwa na la kwangu. Nilimwonyesha ndoa ya Aprili 1701 na mtoto wao aliyebatizwa Februari 1701, nikasema hapa pia kuna uongo, mtoto kaja kabla ya harusi. Akanirekebisha. Chini ya kalenda ile ya zamani mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari 1701 ilikuja baada ya Aprili 1701. Ndiyo maana makarani waangalifu waliandika mwaka kwa kuupasua, 1701/2. Hata George Washington, kwa kalenda aliyozaliwa nayo, ni wa tarehe 11 Februari 1731, na leo tunasema 22 Februari 1732. Ile ndoa na ule ubatizo ni vya kweli kabisa. Vimo kwenye vitabu vya kumbukumbu za Ipswich vilivyochapishwa.

Hapo ndipo pa kushika vizuri. Huyu mtu hakubuni kila kitu. Angebuni kila kitu angekamatwa siku ya kwanza. Upande wa karibu, kuanzia mama mkwe kurudi nyuma hadi babu mmoja aliyeoa Ipswich mwaka 1777, ni wa kweli, na umenakiliwa kutoka shajara za ukoo (michoro ya vizazi) ambazo watu wengine wameziweka mtandaoni bure. Upande wa mbali, ile familia ya 1701, nao ni wa kweli. Uongo umekaa kwenye kiungo. Ule ubatizo wa siku isiyokuwepo ndio unaomfanya yule babu wa 1777 kuwa mtoto wa familia ile. Ukiuondoa, hakuna kinachowaunganisha isipokuwa jina la ukoo. Na Ipswich ilikuwa na wanaume watatu wenye majina hayohayo mawili.

(Na msidanganyike na neno "Junior" kwenye rekodi za wakati ule. Halikumaanisha lazima mtoto wa yule mkubwa. Mara nyingi lilimaanisha tu yule mdogo kati ya wawili wenye jina moja mjini, hata kama si ndugu. "Cousin" nayo iliweza kuwa mpwa.)

Baada ya hapo tuliendelea kufunua. Cheti cha ndoa cha 1647 kinasema maharusi walifungishwa na mchungaji, kanisani, mbele ya altare. Wapuriti, wale Waprotestanti wenye msimamo mkali walioanzisha koloni la Massachusetts, kizazi kile waliiona ndoa kuwa mkataba wa kiraia. Waliofungisha walikuwa mahakimu, na wachungaji hawakuruhusiwa hadi miaka ya 1680. Na nyumba zao za ibada hazikuwa na altare. Aliyeandika cheti kile alikuwa anawaza harusi ya kwenye sinema.

Meli nayo. Tangazo lake linauza "damu ya Mayflower", lakini faili la mama lina nakala ya "orodha ya abiria wa Arbella". Ni meli mbili, safari mbili, makoloni mawili. Mayflower ilileta abiria 102 mwaka 1620, wakaanzisha Plymouth, na karibu nusu yao walikufa majira ya baridi ya kwanza. Arbella ilifika Salem Juni 1630, ikiongoza msafara wa John Winthrop, gavana wa koloni la Massachusetts, wa meli 11 na watu kama 700. Na msafara ule hauna orodha kamili ya abiria iliyosalia. Majina tunayoyajua yameokotwa na wasomi moja moja, kwenye barua, daftari za kanisa na kumbukumbu za mahakama. Kwa hiyo mtu akikuletea orodha nzima imepigwa muhuri, kaandika mwenyewe.

Nembo ya dhahabu sitaipotezea muda. Kule Uingereza nembo hupewa mtu, kisha wazao wake halali, na ofisi inayozitoa iko London tangu 1484. Haipewi jina la ukoo. Kuwa na jina moja na mtu mwenye nembo si kuwa na nembo.

Nimejifunza pia kwamba ujanja huu ni wa zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwepo mtu aitwaye Gustave Anjou, Mswidi aliyehamia Staten Island, New York. Kwao alikuwa amehukumiwa kwa kughushi, na hata jina hilo la Kifaransa hakuzaliwa nalo. Matajiri wa Marekani walimlipa kiasi cha dola 9,000 kwa ukoo mmoja, pesa ambayo wakati ule ilinunua nyumba. Naye alifanya vilevile: wosia wa kweli, ubatizo wa kweli, na katikati karatasi moja ya kubuni ya kuvusha ukoo hadi kwa mtukufu fulani wa Ulaya. Alifariki 1942, na nasaba zake bado zinanakiliwa hadi leo na watu wasiojua zilikotoka. Kinachoniuma ni hicho. Pesa ya mama ni hasara ya mtu mmoja. Uongo ukishaingia kwenye shajara, wajukuu wa wajukuu wataurithi wakidhani ni amana.

Kuna jingine lililonikasirisha zaidi. Kanisani kwetu wapo Wamarekani weusi, na huyu bwana amewafuata wawili akidai anazo karatasi zitakazowafikisha kwa majina hadi meli ya 1619 iliyowaleta Waafrika watumwa kule Virginia. Ni ukatili kumwambia mtu hivyo. Sensa za watumwa za 1850 na 1860 ziliandika umri, jinsia na rangi chini ya jina la bwana. Majina yao wenyewe, isipokuwa sehemu chache sana, hayakuandikwa. Sensa ya kwanza kuwaandika wote kwa majina ni ya 1870. Kurudi nyuma ya hapo ni kupekua wosia, hati za mauzo na orodha za mali za waliowamiliki, kazi ya miaka, na wengi hufika ukutani. Upande wa Virginia kuna kaunti ambazo daftari zao ziliteketea Richmond ilipoungua Aprili 1865. Anayeahidi jibu la hayo kwa wiki 6 anacheza na jeraha la watu.

Nilimwandikia kwa adabu, nikamuuliza juzuu na ukurasa wa ubatizo ule. Alijibu kwamba rekodi za kale "si rahisi kueleweka kwa mgeni". Nilipomtajia siku 11 za Septemba alinifungia. Siku mbili baadaye alirudi kwenye grupu kwa namba nyingine na jina lingine, picha ileile ya maktaba yenye ngazi ya mbao.

Wapo watafiti waaminifu wanaolipwa kwa saa, na kazi yao ni halali. Utawajua kwa kuwa hawaahidi matokeo, na kila mstari wanakuonyesha ulikotoka: karani wa mji gani, mahakama ya mirathi ya kaunti gani, kitabu na ukurasa. Massachusetts iliamuru kuzaliwa, ndoa na vifo viandikwe tangu 1639, kwa hiyo kuna mengi ya kuanzia, na mengi ni bure. Tovuti ya nasaba ya FamilySearch haitozi kitu, unafungua akaunti tu. Maktaba za miji zina vitabu vya kumbukumbu za hadi 1850. Boston iko jumuiya ya nasaba ya New England, iliyoanzishwa 1845. Na kama ni Mayflower kweli, chama cha wazao wake kimechapisha vizazi vitano vya kwanza. Kazi yako ni kuunganisha familia yako na vizazi hivyo, na anayekubali au kukataa ni chama chenyewe, wala si mtu wa WhatsApp mwenye muhuri.

Sasa la haraka kuliko yote. Anaomba picha za vyeti vya kuzaliwa vya watoto na namba zao za Social Security (namba ya siri ya utambulisho wa kila mtu huku) "ili kufungua faili". Vyama vya kweli huhitaji vyeti vya vizazi vya karibuni, lakini unavipeleka kwao moja kwa moja. Namba ya mtoto haihusiani na babu wa 1640. Kama mlishamtumia, leo hii fungeni taarifa za mikopo za watoto na zenu kwa kampuni zote tatu zinazozitunza, Equifax, Experian na TransUnion, asije akakopa kwa majina yenu. Huduma hiyo ni bure kisheria tangu 2018. Mliolipa kwa kadi ya mkopo, pigieni benki mpinge malipo, msingoje. Kisha ripotini FTC, shirika la serikali kuu la kulinda walaji, na kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo lenu, hata kama ni dola 350 tu. Sisi tumeripoti kote kuwili.

Shajara ya mama mkwe kwa sasa inaishia 1777, na Jumamosi tunarudi maktaba kutafuta mirathi ya kaunti ya Essex. Aliyetumiwa ujumbe na huyu mtu apige picha ya skrini kabla hajaufuta, namba ionekane, anitumie. Nazikusanya kwa ajili ya faili la ripoti, na hadi leo asubuhi ninazo nne.